Matundu ya Kamba

Siku ya tatu mfululizo, mjukuu aliamka mapema, akaoga, akavaa sare ya shule na soksi zake nyeupe, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na kukataa kunyanyuka. Hakulia wala hakununa. Alikaa tu, mkoba magotini, kama abiria aliyeambiwa basi lake haliji.

"Unaumwa?" mama yake akamuuliza.

"Siumwi."

"Umepigwa?"

"Sijapigwa. Wananiita Kiti."

Mama mtu alikuwa dobi wa hospitali. Zamu yake ya mashuka ilianza saa moja, na msimamizi wake hakuwa mtu wa kuelezwa habari za soksi na viti. Akamshika mtoto mkono hadi sebuleni, ambako baba yake mwenyewe, babu wa mtoto, alikuwa akinywa chai huku akisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari dukani.

"Baba, hii ni kesi yako," akasema. "Mimi nimechelewa."

Baba huyu watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Alikuwa seremala maisha yake yote, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka na randa ikaanza kula mahali isipoagizwa. Kusoma alijifunza akiwa na miaka thelathini, katika shule ya jioni, amekalia dawati la watoto, magoti yakimgusa kidevu. Tangu hapo hapakuwa na karatasi yenye maandishi iliyopita mbele yake salama. Alisoma risiti, alisoma mabango ya matanga, alisoma maelezo ya dawa ambazo hakuandikiwa yeye. Mkewe hakujifunza. Mwaka ule ilibidi mmoja wao abaki nyumbani na watoto, na haikuhitaji kikao kuamua ni nani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Wiki iliyopita darasa la mjukuu lilipelekwa kwenye Makumbusho ya Uhuru, yale madogo yaliyofunguliwa katika nyumba ya zamani ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Walipofika kwenye kiti alichokalia Rais siku ya Uhuru, mtoto mmoja akauliza kimetengenezwa na nani. Mjukuu akanyoosha mkono. "Babu yangu," akasema. Mhudumu akajibu kwamba kiti kile kililetwa kwa meli. Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. Alimpa mpaka Jumatatu ijayo: aombe radhi mbele ya wenzake kwa kusema uongo, au aje na mtu mzima wa kumsemea.

"Na utaomba radhi?" Fundi akauliza.

"Siombi. Si uongo." Kisha mtoto akainua macho. "Au ni uongo, babu?"

Fundi aliweka kikombe chini.

"Jumamosi tunakwenda wote," akasema. "Mimi, wewe na bibi yako. Nitakuonyesha kwa kidole."

Sauti ya mkewe ikatoka jikoni. "Afadhali. Nami nikakisalimie kitanda changu."

Habari ya kitanda ilijulikana nyumbani mle kama njia ya kwenda kisimani. Siku tano kabla ya sherehe za Uhuru, afisa wa idara ya ujenzi alikuja karakana na mchoro: kiti cha mgeni wa heshima, mikono minyoofu, mgongo mrefu, kinatakiwa baada ya siku nne. Ulikuwa msimu wa mvua. Mbao zote za karakana zilikuwa mbichi, na kiti cha mbao mbichi kingepinda kabla wimbo wa taifa haujafika mwisho. Fundi alijua mahali pamoja tu penye mvule mkavu uliokomaa. Palikuwa chumbani kwake. Kilikuwa kitanda cha kamba ambacho mkewe alipewa na baba yake siku ya kuolewa, miezi minane nyuma.

"Nitakutengenezea kingine mwezi ujao," alimwambia.

Mkewe alikuwa na miaka ishirini na mimba ya kwanza. Alizifungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, akazikunja vizuri kwa ajili ya kitanda cha mwezi ujao. Mwezi huo ulichukua mwaka mmoja na miezi miwili kufika. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mkekani na akatambaa akitokea mkekani.

Fundi alitengeneza kiti kwa mbao za kitanda, akayaziba matundu ya kamba kwa vijiti vya mvule uleule, akavikata, akapiga msasa mpaka ukipitisha kidole huhisi kitu. Siku ya sherehe alikisindikiza kiti kimefunikwa shuka jeupe. Getini askari alimtazama nguo zake za kazi, akamwambia, "Mafundi mwisho hapa." Akabaki nje ya ukuta. Alisikia bendi, alisikia hotuba, alisikia makofi. Kuona, hakuona. Lakini kiti kiliingizwa mbele ya macho yake, na kiti kinachoingizwa sherehani kinakwenda kukaliwa. Kwa miaka hamsini na miwili alisimulia hivyo, wala hakutia chumvi, kwa sababu hakujua kwamba kuna kilichopungua.

Jumamosi Fundi alivaa koti lake la kuendea harusi za watu. Mkewe alibeba mkoba wake mweusi na fimbo ambayo hupenda kuisahau. Mjukuu alitangulia hatua mbili mbele yao, hazidishi, hapunguzi.

Mlangoni palikuwa na mwanamke kijana mwenye sweta ya kijani. Ndiye aliyekata tiketi, ndiye aliyefungua milango, na ndiye aliyetoa maelezo ndani.

"Wazee ni nusu bei," akasema. "Mna vitambulisho?"

"Binti," mkewe Fundi akamwambia, "huu uso huuoni? Unataka na karatasi yake?"

Mhudumu akacheka, akaandika nusu.

Chumba cha kwanza kilikuwa kikubwa kuliko vingine. Katikati, nyuma ya kamba, palikuwa na kiti. Fundi alikiona kabla hajafika, akasimama. Kilikuwa cha ngozi nyekundu, misumari ya shaba imepangwa pembeni kama meno, miguu myembamba iliyopinda kama ya mbuzi.

"Hiki sicho," akasema.

"Ndicho, mzee," mhudumu akamjibu kwa upole. "Tazama picha."

Ukutani palikuwa na picha kubwa. Rais ameketi, mkono mmoja juu ya goti. Picha haikuwa ya rangi, lakini misumari ya shaba ilihesabika.

"Wamebadilisha."

"Nani kabadilisha, mzee?"

"Waliokileta hapa. Changu kilikuwa na mikono minyoofu. Hiki mikono yake imejikunja kama kondoo dume."

"Chini yake kuna kibao cha kiwanda, na mwaka umeandikwa. Kilikuja kwa meli."

Palikuwa na wageni wengine wawili, kijana na mchumba wake, nao wakasimama kusikiliza. Msichana alijiuma mdomo. Kijana akauliza kwa adabu zote, "Na picha nayo, mzee, wameibadilisha?" Angecheka tu ingekuwa nafuu. Ile adabu yake ndiyo iliyouma.

Fundi alishusha macho, akakuta mjukuu anatazama viatu vyake mwenyewe, masikio yamemwiva.

"Bibi yako yuko wapi?" akamuuliza, ili wapate pa kuondokea.

"Alikwenda kutafuta choo."

Papo hapo sauti ikawajia kutoka mwisho wa korido, sauti ya mtu asiye na haraka. "Fundi. Njoo huku. Nimekiona."

Kilikuwa chumba kidogo, kati ya choo na stoo ya mifagio. Mlango wake ulikuwa nusu wazi na taa yake ilikuwa moja. Ndani palikuwa na ngoma ya bendi iliyopasuka, masanduku ya vikombe, bendera zilizokunjwa, na pembeni kabisa, nyuma ya kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye misumari miwili, palikuwa na kiti cha mvule.

Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, hajakigusa. "Guu lile pale," akasema, akiinyoosha fimbo. "Ndani yake kuna doa. Usiku ule ulipoangusha kibatari ukitafuta kiatu."

Fundi aliinama. Doa lilikuwepo, jeusi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Alikumbuka alivyolipiga randa asiweze kulimaliza, akaamua kulielekeza ndani lisionekane. Mikono ilikuwa minyoofu, mgongo mrefu. Maungio hayakuachana hata unywele.

"Si nilikwambia," akamwambia mjukuu.

Mjukuu alitabasamu, mara ya kwanza tangu wiki ianze. Akasogea kwenye kadi iliyobandikwa kwenye kibao kando ya kiti, akaanza kuisoma. Tabasamu likaondoka. Akairudia tangu mwanzo, midomo ikicheza bila sauti.

"Wameandika nini, mke mwenzangu?" bibi yake akamuuliza. "Nisomee. Babu yako amejisahau hapo chini."

Mtoto alimtazama babu yake, akamtazama bibi yake. "Wameandika," akaanza. "Wameandika kwamba Rais, siku ile ya Uhuru, Rais alipofika..."

Fundi alikuwa akijiinua kwa kushika ukuta. Aliuona uso wa mtoto na akaelewa, ingawa uso wa namna ile hakuwahi kuuona kwake. Wiki nzima huyu mtoto ameitwa Kiti, amechekwa, amekaa na soksi zake ukingoni mwa kitanda, na hajakubali kutamka neno moja asiloliamini. Sasa alikuwa anautafuta uongo, neno kwa neno, kwa ajili yake.

"Ngoja," akasema. "Nisome mimi. Ndiyo maana bibi yako alibaki nyumbani."

Akavaa miwani. Akaisoma kadi kimya kwanza, kama walivyofundishwa shule ya jioni, ili sentensi isimshtukize katikati. Kisha akaisoma kwa sauti, polepole, bila kuruka kitu.

"Kiti cha akiba. Kilitengenezwa na fundi wa hapa nchini, kwa tahadhari, endapo kiti kilichoagizwa ng'ambo kingechelewa. Meli iliwahi. Kiti hiki hakikutumika."

"Rudia pale mwisho," mkewe akasema.

"Hakikutumika."

"Rais hakukikalia."

"Hakukikalia."

"Na mtu mwingine?"

"Hakuna."

Bomba la chooni lilikuwa linadondosha maji. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, ingawa ilikuwa safi.

"Nilikiona kikiingia," akasema.

"Najua ulikiona."

"Nikadhani."

"Najua."

"Nilikulaza chini mwaka mzima, una mimba, kisha una mtoto, kwa ajili ya kiti cha akiba." Maneno yalimtoka kwa shida, kama msumari uliopinda ndani ya ubao. Kwa miaka yote alikuwa amesimulia habari ya kiti, na habari ya mkeka aliiweka ndani yake kama mzaha. "Kitanda chako kimekwenda bure, mama. Nisamehe."

Mkewe alikuwa ameinama karibu na ubavu wa kiti, anatafuta kitu kwa macho. Baada ya miaka hamsini vijiti vilikuwa vimejitenga kidogo na ubao, vikawa viduara vyeusi vilivyopangwa mstari.

"Kitanda cha baba yangu kilikuwa na matundu ishirini na manne kila upande," akasema. "Hapa naona tisa. Mengine umeyapeleka wapi?"

"Mgongoni. Na mengine yako chini, chini ya kikalio."

"Hm."

Akampa mjukuu mkoba. Akampa na fimbo. Akainua kamba ya kuanikia nguo, akapita chini yake, akageuka, akakusanya nguo yake vizuri, na kabla Fundi hajafungua kinywa alikuwa ameketi.

Kiti kililia. Haikuwa kelele kubwa, kilitoa mlio mmoja mfupi kwenye ungio la kushoto.

"Hata sauti ni ileile," mkewe akasema, akaegemea.

Fundi alitazama mlango. "Mama, inuka. Watatufukuza."

"Wanifukuze. Magoti yananiuma, na huu ubao ni wa baba yangu."

Wakati huo mhudumu akatokea mlangoni. "Mama, samahani, hapo hapakaliwi."

"Mbona nimekaa."

"Hivyo ni vitu vya kumbukumbu, mama."

"Nami ndiye ninayekumbuka, mwanangu. Wewe hukuwa umezaliwa."

Fundi akajiingiza kati. "Hapa pameandikwa fundi wa hapa nchini," akasema, akiigusa kadi. "Ndiye mimi."

Mhudumu alimtazama kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kumsikia. "Mzee, si umetoka kudai kile cha mbele?"

"Sikukidai. Nilisema sicho."

Mhudumu akafikiri, akaona kweli ndivyo alivyosema.

"Hivi viduara," mjukuu akauliza ghafla, "wageni wakikuuliza huwa unawaambia ni nini?"

"Urembo. Nawaambia ni nakshi za asili."

"Ni matundu ya kamba," mtoto akasema. Kisha akaeleza yote: mchoro, siku nne, mbao mbichi, kamba zilizofunguliwa moja moja, shuka jeupe, askari wa getini. Hakuacha kitu, na alipofika mwisho hakupunguza mwendo. "Halafu hakuna aliyekikalia," akasema. "Meli iliwahi."

Mhudumu alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye viduara, kimoja baada ya kingine. Akachungulia chini ya kikalio, akakuta mstari mwingine. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Na hili doa la moto?"

"Hilo usiliandike," mkewe Fundi akasema.

Kadi mhudumu hakuweza kuibadilisha. Mkuu wake angekuja Jumanne. Lakini Fundi alipomweleza habari ya mwalimu, alichukua tiketi ya mtoto, akaigeuza nyuma, akatoa kalamu. "Niandike kwamba wewe ndiye uliyetengeneza kiti cha sherehe ya Uhuru? Nikiandika hivyo sijasema uongo."

Ilikuwa sentensi nzuri. Mtu angeweza kuishi ndani yake.

"Andika cha akiba," akasema.

Mhudumu akaandika, akagonga na mhuri wa tiketi. Mkewe Fundi aliinuka kwa kushika mikono yote miwili ya kiti, akasimama, akaipiga ile mikono makofi mawili madogo kama mtu anayeaga ng'ombe.

"Na hiyo kadi yenu mwambie mkuu wako airekebishe," akasema akipita chini ya kamba. "Inasema hakikutumika. Inadanganya tangu saa nne na nusu leo."

Jumatatu mjukuu alivaa sare na soksi, akasimama mlangoni peke yake, tiketi ikiwa ndani ya daftari. Lakini hakutoka.

"Babu, mimi nilisema ulitengeneza kile cha Rais."

"Ulisema."

"Kwa hiyo nilikosea."

"Nilikosea mimi. Wewe ulirudia maneno yangu." Fundi alikuwa anafunga vifungo vya lile koti la harusi, na vidole vilikuwa vinamsumbua, basi mkewe akaja kumfungia. "Mwalimu alisema radhi iombwe. Itaombwa. Mwombaji ndiye huyu."

"Utasimama mbele ya darasa lote?"

"Wangapi nyie?"

"Arobaini na sita."

Fundi akapiga moyo konde. "Twende basi."

Mwalimu alimpokea vizuri, akaisoma tiketi pande zote mbili, akamwomba asubiri amalize kuita majina. Akampa dawati la nyuma. Fundi alijipenyeza, magoti yakampanda hadi kidevuni, na kwa muda akawa anatazama ubao na kusoma kila kilichoandikwa juu yake. Alipoitwa alitembea hadi mbele. Watoto wote walimtazama mikono, maana ilikuwa inatetemeka, naye akaiacha itetemeke.

"Mimi ndiye babu wa huyu mwenzenu," akasema. "Yeye hakusema uongo. Mimi nilimpa jambo nililolidhani kama jambo nililoliona. Nilitengeneza kiti, ndiyo. Si kile chekundu. Changu kiko nyuma, karibu na choo. Kiliwekwa akiba na hakikuhitajika. Kwa hiyo anayeomba radhi ni mimi. Nisameheni."

Mtoto mmoja wa mbele, mwenye kalamu sikioni, akanyoosha mkono huku akiwa ameshaanza kusema.

"Kwa hiyo babu, tangu siku ile ya Uhuru hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukikalia?"

Fundi akafungua mdomo ajibu. Lakini katika safu ya tatu, karibu na dirisha, mkono mwingine ulikuwa umeshanyooka, umenyooka mpaka mwenye nao amejiinua nusu kwenye dawati.

"Bibi yangu," mjukuu akasema.